Nyumba janja Rau: mtaalamu aje kabla ya plasta, si wakati wa Krismasi

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, najenga Rau, Moshi. Nyumba ni ya vyumba vinne, imeshaezekwa. Fundi umeme amelaza mabomba na boksi za swichi, nyaya bado, na plasta inaanza baada ya wiki mbili. Mwanangu aliyeko Dar es Salaam amenunua swichi 16 za Wi-Fi, kamera 4, kitasa cha alama ya kidole na mota ya geti la kuteleza. Anasema akija Krismasi atavifunga mwenyewe, video za kuelekeza zipo. Kampuni moja ya Arusha imetaja fedha ya ufundi inayokaribia nusu ya bei ya vifaa vyote. Kuna haja gani ya kulipa?

Jibu: Shikamoo Mwalimu, na hongera kwa kufikia bati.

Haja ya mtaalamu ipo, lakini si kwa kazi yote uliyoitaja, na wakati wake si Desemba. Kupakua programu kwenye simu, kuipa kila taa jina, kupanga taa ya nje iwake saa 12:30 jioni na kuzimika saa 12 asubuhi, hayo mwanao atayaweza na usimlipe mtu kwa ajili yake. Fedha yako iende kwenye yale yatakayofunikwa na plasta, yale yatakayokaa ndani ya boksi kuu la breka, na geti. Hilo la kwanza lina wiki mbili tu. Krismasi ikifika ukuta utakuwa umeshafungwa, na kila kilichosahaulika kitadai grenda, vumbi na rangi upya.

Tuanze na boksi za swichi, kwa sababu ndizo zinazosahaulika zaidi. Boksi nyingi zinazowekwa ukutani zina kina cha milimita 25, kinachoitosha swichi ya kawaida. Swichi ya Wi-Fi ina mgongo mnene. Ipe nafasi ya milimita 35 angalau. Ikiwa alichonunua ni zile moduli ndogo zinazofichwa nyuma ya swichi ya kawaida, weka boksi za milimita 47. Mtu akilazimisha kifaa kinene kwenye boksi fupi, nyaya hukunjwa na kusukumwa kwa nguvu, skrubu za viunganishi hulegea, na kiunganishi kilicholegea hupata moto kila taa inapowaka. Dalili ya kwanza huwa harufu ya plastiki, miezi kadhaa baadaye. Kubadilisha boksi 16 leo, tofali likiwa wazi, ni kazi ya siku moja ya fundi na msaidizi wake.

Kabla ya kubadilisha, mwombe mwanao akutumie picha ya kifaa na lebo yake. Swichi hizi huja kwa maumbo matatu: mraba wa milimita 86 wa Kiingereza, ambao ndio unaokaa kwenye boksi zetu, wa Ulaya unaokaa kwenye boksi la duara, na mstatili wa Marekani. Ule wa Marekani hauingii, na baadhi yake umeandikwa volti 120 tu. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Lebo ikisema 100–240V uko salama. Ikisema 120V, irudishwe.

Jambo la pili ni nyutro, yaani waya unaorudisha umeme. Kwa usukaji tuliouzoea, nyaya mbili tu hushuka hadi kwenye swichi: layini inayokuja, yaani waya unaoleta umeme, na layini inayorudi kwenye taa. Nyutro hubaki juu darini, kwa sababu swichi ya kawaida haina kazi nayo. Swichi ya Wi-Fi ina redio ndani ambayo lazima iwe hai saa 24, hata taa ikiwa imezimwa, na redio hiyo haiwezi kuishi bila njia ya umeme kurudi. Kwako mabomba yapo na nyaya bado hazijavutwa, kwa hiyo mwambie fundi sasa hivi: kila boksi la swichi lipate waya wa nyutro wa milimita za mraba 1.5, unaotoka kwenye sakiti ileile ya taa hiyo. Maneno ya mwisho hapo yana uzito wake.

Mtu asiyejua akikuta boksi halina nyutro hufanya moja kati ya mambo matatu. La kwanza ni kununua swichi zisizohitaji nyutro. Hizo hupitisha umeme kidogo kupitia taa yenyewe ili redio isife, na ukiwa na balbu za LED za wati 3 au 5, balbu huonyesha mwanga hafifu usiku kucha au hupepesa. Kuna kapasita ndogo inayofungwa kwenye taa kutuliza hali hiyo, na husaidia mara nyingi, ila balbu ikiungua swichi nayo hupotea kwenye mtandao. La pili ni kuazima nyutro kutoka kwenye soketi ya jirani. Hapo, kama taa na soketi haziko chini ya breka moja ya kuvuja umeme, ambayo mafundi huiita RCD, breka hiyo huanza kuruka bila sababu inayoonekana: kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na sasa sehemu ya unaorudi imepita mlango mwingine. Ubaya zaidi uko mbele. Siku fundi mwingine atazima breka ya taa akaamini nyaya zimekufa, kumbe nyutro ile ya kuazima bado ina umeme wa soketi. Akiifungua kifaa kikiwa kinatumika, ncha moja itakuwa na volti 230. La tatu ni kutumia waya wa ethi, ule unaokwenda ardhini, badala ya nyutro. Swichi itafanya kazi na taa itawaka, na ndiyo maana watu hudanganyika. Lakini umeme sasa unapita kwenye waya uliowekwa kumlinda mtu, na siku waya huo ukikatika njiani, mwili wa friji au bomba la bafuni huweza kubaki na umeme. Fundi akikupendekezea hilo la tatu, msitishe siku hiyohiyo.

Hapa ndipo hofu yetu juu ya video ilipo, Mwalimu. Video nyingi za swichi hizi zimetengenezwa Marekani, na huko waya mweusi ni layini na mweupe ni nyutro. Kwetu, kwenye nyaya za rangi za zamani ambazo bado zinauzwa na zimo kwenye nyumba nyingi, nyekundu ni layini, nyeusi ni nyutro na kijani ni ethi. Nyaya za rangi mpya ni kahawia kwa layini, buluu kwa nyutro, na kijani chenye mstari wa njano kwa ethi. Kijana anayefuata video neno kwa neno atachukua mweusi wetu, ambao ni nyutro, akauita wa umeme. Aidha, testa ya bisibisi yenye taa ndogo haitoshi kuthibitisha kuwa waya umekufa. Inaweza isiwake ilhali umeme upo. Kinachotakiwa ni kipimio cha ncha mbili, kinachojaribiwa kwanza mahali penye umeme, kisha kwenye waya unaotaka kuugusa, kisha tena mahali penye umeme. Zoezi hilo ni la nusu dakika, na fundi asiyelifanya si wa kumwachia nyumba.

Sasa mabomba ya ziada, ambayo ukiyakosa kabla ya plasta umeyakosa. Laza bomba la milimita 25 kutoka mahali rauta itakapokaa hadi kila pembe ya kamera chini ya paa, jingine hadi katikati ya korido darini kwa ajili ya kisambazia Wi-Fi, jingine nyuma ya televisheni, na jingine hadi ukuta unaotazama geti. Yasichanganywe na mabomba ya umeme. Kona ziwe za kupinda polepole, zisizidi mbili kati ya boksi na boksi, na kila bomba liachiwe waya wa kuvutia ndani yake. Kwa nyaya za mtandao nunua Cat6 ya shaba tupu. Sokoni kuna ya bei nafuu ambayo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Ikwangue kwa kisu, ikionekana nyeupe ndani, iache. Hukatika ikipindwa, na kamera inayopokea umeme kupitia waya huohuo hujizima usiku taa zake za kuonea gizani zinapowaka, kwa sababu volti zimeishia njiani. Urefu usizidi mita 100, na pasiwe na kiungo katikati.

Kwa nini nyaya, hata kama kamera zenyewe ni za Wi-Fi? Hesabu vifaa vyako: swichi 16, kamera 4, kitasa na mota hufanya 22 kabla simu ya mtu yeyote haijaingia. Rauta ndogo za kawaida huelemewa zikifika hapo, na kuta zetu za tofali za inchi 6 hunywa mawimbi. Boksi la chuma ukutani huyapunguza tena. Swichi hizi karibu zote hutumia masafa ya gigahezi 2.4 pekee, hivyo simu iliyoko kwenye gigahezi 5 wakati wa kuunganisha inaweza kukataa, na mtu akadhani kifaa ni kibovu. Ushauri wetu ni kamera ziende kwa waya, kisambazia kimoja kizuri kikae katikati ya nyumba, na Wi-Fi iachiwe swichi na simu. Kama swichi bado zinaweza kubadilishwa dukani, za Zigbee (mtandao mwingine usio na waya, wa vifaa vya nyumbani) zenye kitovu chake ni bora kwa idadi hiyo: zile zilizounganishwa na umeme hupokezana mawimbi zenyewe kwa zenyewe, na zikisanidiwa vizuri huendelea kutii hata intaneti ikikatika.

Juu ya kamera, hesabu moja tu itakayokusaidia kununua diski. Kamera ya megapikseli 4 ikirekodi mfululizo kwa megabiti 4 kwa sekunde hutumia gigabaiti 43 hivi kwa siku. Nne ni kama 173. Diski ya terabaiti 2 itakupa siku 11, kisha itaanza kufuta za mwanzo. Na zielekezwe kwako: geti lako, ua wako, mlango wako. Kamera inayotazama uani kwa jirani huleta ugomvi, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, picha za watu si jambo la kuchezea.

Tuje kwenye mizigo mikubwa, ambako swichi janja huungua zaidi. Swichi imeandikwa ampea 10, mtu anaiona ni nyingi. Ampea hizo ni za mzigo mwepesi kama balbu ya zamani ya waya. Taa za LED huvuta umeme mwingi kwa kufumba na kufumbua zinapowashwa, na mguso wa ndani ya swichi huweza kujichomelea. Simu inasema taa imezimwa, taa inaendelea kuwaka. Angalia mstari mdogo kwenye lebo unaotaja wati za LED, ndio wa kuufuata. Hita ya shawa ya kilowati 5.5 huvuta ampea 24. Hiyo isiguswe na swichi ya aina hii wala soketi janja kabisa: ipate waya wake wa milimita za mraba 6, breka yake ya ampea 32, na swichi yake nzito inayokata layini na nyutro kwa pamoja. Pampu ya maji ya nguvu ya farasi moja hutulia kwenye ampea chache, lakini inapoanza huvuta mara tano au zaidi. Ukitaka kuiendesha kwa simu, swichi janja iwashe kontakta, yaani swichi nzito inayoendeshwa kwa umeme, na kontakta ndiyo ibebe pampu.

Pampu ina jambo jingine. Kila swichi janja ina mpangilio wa nini ifanye umeme unaporudi baada ya kukatika: iwake, izime, au irudi ilivyokuwa. Kwa pampu na chochote chenye joto, chagua izime. Umeme ukikatika mchana pampu ikiwa inafanya kazi, ukarudi saa 8 usiku hakuna mtu macho na maji ya bomba hakuna, pampu itazunguka kavu hadi iungue. Mpangilio huu uko ndani kabisa ya programu na wafungaji wengi hawaufungui.

Boksi kuu la breka liwe na nafasi za akiba, nne angalau. Liwe na RCD ya miliampea 30, na kizuia radi na mishtuko ya umeme cha aina ya pili, kwa sababu vifaa hivi vina elektroniki nyepesi kuliko balbu, na umeme unaporudi kwa kishindo au radi ikipiga jirani wakati wa masika, ndivyo vinavyotangulia. Kizuia radi hakina faida bila ethi nzuri. Ethi ipimwe kwa kipimo, isikisiwe kwa macho. Lengo zuri ni omu 10 au chini, na ipimwe tena kiangazi, maana udongo uliolowa hutoa jibu la kubembeleza. Wakati wa kupima usalama wa nyaya kwa volti 500, swichi janja ziwe bado hazijafungwa. Kipimo hicho ni cha lazima, nyaya zikiwa salama zitasoma megaomu 1 au zaidi, lakini volti hizo huua redio za swichi kwa sekunde moja. Hapa mpangilio wa kazi ndio utaalamu wenyewe: vuta nyaya, pima, andika vipimo, ndipo ufunge vifaa.

Kitasa cha kidole mwanao anaweza kukifunga akiwa na kiolezo na msumeno wa kutobolea matundu, mradi apime unene wa mlango kwanza. Milango yetu ya mninga mara nyingi ni minene kuliko kitasa kilivyotarajia. Kiwe na tundu la ufunguo wa kawaida na mahali pa kukipa umeme kwa nje betri zikiisha. Vidole vya wazee na vya watu wanaoshika jembe huwa na alama zilizofifia, kwa hiyo weka pia namba ya siri, usitegemee kidole peke yake.

Geti ndilo la kuliogopa. Usimwachie kijana geti, hata kama ni hodari. Kwanza lenyewe liteleze kwa mkono mmoja bila kukwama. Mota haitibu reli iliyopinda, itaungua tu. Uzito wake ujulikane, na mota iwe ya uzito ulio juu ya huo. Lazima viwepo viona-mwanga viwili vya kusimamisha geti mtu akipita, vizuizi vya chuma mwisho wa reli ili lisitoke likaangukia mtu, na nguvu ya kusukuma irekebishwe hadi geti ligeuke likigusa kitu. Jaribu kwa boksi tupu la katoni lililosimamishwa njiani: geti lisipogeuka kabla ya kuliponda, kazi haijaisha, usimlipe. Waya wa umeme kutoka nyumbani hadi getini uwe wa kuzikwa ardhini wenye kinga ya chuma, sentimita 50 chini au zaidi, na kila mtu mzima nyumbani ajue ufunguo wa kuachia geti kwa mkono uko wapi.

Sasa bei. Nusu ya thamani ya vifaa inaweza kuwa halali au wizi, kutegemea kilichomo. Iombe kampuni ikuandikie: nani atavuta nyaya, nani atapima ethi na RCD, je geti limo, je kuna mchoro. Kama wanachouza ni kufunga swichi na kuunganisha simu, kataa. Sisi tungegawa kazi. Fundi umeme wako abaki na nyaya, mradi ana leseni ya ufungaji umeme ya EWURA na daraja lake linaruhusu kazi hii. Kwa vyovyote utahitaji mkandarasi mwenye leseni ili TANESCO wakuungie umeme. Mtaalamu wa nyumba janja alipwe mara tatu: ziara moja wiki hii kuonyesha boksi na mabomba, ziara ya pili baada ya nyaya kuvutwa kwa ajili ya vipimo na boksi kuu, na geti. Cheti cha VETA Moshi au cha Chuo cha Ufundi Arusha kinaonyesha amesomea umeme. Uliza kivyake kama anajua mtandao, maana mtu mmoja hodari kwa vyote viwili ni nadra. Ukimuuliza swichi zako zinahitaji nini kwenye boksi na hataji nyutro wala kina, mshukuru umuage.

Bakiza sehemu ya fedha hadi mambo haya yafanyike mbele yako. Zima intaneti kwenye rauta, bonyeza kila swichi kwa kidole: taa lazima ziwake. Zima breka kuu, washa baada ya dakika tano: pampu ibaki kimya, kamera zirudi zenyewe. Akaunti ya mfumo iwe kwa barua pepe yako au ya mwanao, kamwe isiwe ya fundi, kwa sababu mwenye akaunti ndiye mwenye kitasa na kamera. Nywila za kiwandani zibadilishwe zote. Upewe karatasi yenye vipimo, mchoro wa mabomba na orodha ya breka.

Na kabla fundi plasta hajarusha ndoo ya kwanza, piga picha kila ukuta futi ya kupimia ikiwa imenyooshwa kutoka sakafuni, mabomba na boksi zikionekana, uzitume Dar. Mwanao akifika Desemba akitaka kutoboa ukuta kuning'iniza televisheni, atajua pa kutotoboa.